Papa wa mshipi, kutoka botini hadi sufuriani: uzi wa watu wa ziwa tunaoshuka Pwani kuvua

Jalupo_wa_Dunga (Kisumu)

Wadau wa Kisumu, Homa Bay, Busia, Kakamega hadi Nakuru, hamjambo.

Sisi watu wa huku Ziwa Victoria tumelelewa na mbuta (sangara). Tunaburura chambo bandia nyuma ya boti kule Rusinga na Mfangano, mbuta akishika tunapigana naye, akifika tunajua la kufanya, kwa sababu hata mtoto wa darasa la nne amewahi kumwona mama yake akimpasua. Lakini siku hizi wengi wetu tunashuka Pwani msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi bahari ikiwa tulivu, tunapanda boti Watamu, Malindi, Mtwapa au Shimoni kutafuta jodari na nguru. Papa naye anakuja bila kualikwa. Ndoana yake ileile, chambo chake kilekile. Na hapo nimeona watu wazoefu kabisa wa ziwani wakibaki wameduwaa, kwa sababu papa hatendewi yale anayotendewa mbuta.

Neno langu kubwa katika uzi huu ni hili: nyama ya papa haiharibikii jikoni. Inaharibikia kwenye boti, ndani ya nusu saa ya kwanza. Mpishi hodari wa Mombasa hawezi kumwokoa papa aliyelala juani na matumbo yake hadi saa tisa alasiri. Kwa hiyo nitaeleza sana habari za botini, na upishi nitawaachia wanaoujua kunishinda.

Kwanza vifaa. Meno ya papa yanakata nailoni mara moja, na ngozi yake ni kama msasa, hivyo hata mshipi ukimgusa tu ubavuni unaliwa. Unahitaji kipande cha waya wa chuma kati ya ndoana na mshipi, kirefu kumpita samaki unayemtarajia. Tumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani. Hiyo hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni, na faida yake utaiona ukitaka kumwachia. Na usiivute kwa nguvu papa anapoanza kula. Mwache aondoke nayo, kaza breki ya rili polepole, ndoana itajigeuza yenyewe.

Pili, kabla hujamgusa, amua: huyu namchukua au namwachia? Uamuzi huu ufanywe akiwa bado majini. Papa mwenye kichwa cha nyundo, mwachie. Papa mwenye mkia mrefu unaokaribia urefu wa mwili wake, mwachie. Papa nyangumi wala usimsogelee. Jike mkubwa mwenye tumbo pana, mwachie, hata kama nahodha anakuambia ni nyama nyingi. Kwa chakula cha nyumbani, papa mdogo wa aina ya kawaida, ambaye mtu mmoja anambeba mkononi bila shida, ndiye mtamu na ndiye salama zaidi. Mtu asikudanganye kwamba ukubwa ni utamu.

Ukimwachia, usimpandishe botini kupiga picha. Mwili wa papa umezoea kubebwa na maji, na ukimning'iniza hewani viungo vya ndani vinaumia hata kama ataogelea akienda. Mlete ubavuni mwa boti, kata waya karibu na mdomo kadiri unavyoweza, aende zake.

Ukimchukua, fanya haraka. Mpige kichwani kwa rungu zito hadi atulie, kisha kata mishipa ya damu kwenye matamvua na pale mkia unapoanzia. Mning'inize kichwa chini juu ya ukingo wa boti, damu imwagike yote. Usiweke mkono karibu na mdomo hata ukidhani amekufa, taya lake linaweza kufunga bado. Damu ikikoma, pasua tumbo kutoka mkunduni hadi kidevuni, toa kila kitu. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi huliruka: kwa ndani, chini kabisa ya uti wa mgongo, kuna utepe mweusi mwekundu uliofunikwa na ngozi nyembamba. Hiyo ni figo. Ichane kwa kisu, ikwangue yote kwa kijiko, uoshe kwa maji ya bahari hadi uone nyama nyeupe. Kata kichwa, jaza barafu tumboni, mzungushie barafu nje, funika. Basi. Hapo umemaliza sehemu kubwa ya upishi na bado hujafika ufukweni.

Wenye uzoefu ongezeni.

Nyar_Alego (Kondele, Kisumu)

Omera, nashukuru kwa maelezo. Mimi nauza chakula hapa Kondele, na mteja wangu mmoja aliniletea vipande vya papa kutoka Pwani akitaka nimpikie. Nilipofungua ule mfuko, harufu ilikuwa ya choo, nasema ukweli. Ile ya mkojo uliokaa. Nilimrudishia. Je, papa wote wananuka hivyo, au huyo alikuwa ameoza? Na ningeweza kuitoa harufu hiyo kwa ndimu?

Mwalimu_wa_Bayolojia (Nakuru)

Dada Nyar Alego, umenusa sawasawa, na sababu yake ni nzuri sana kuijua.

Samaki wa kawaida wa baharini anaishi kwenye maji yenye chumvi nyingi kuliko mwili wake, kwa hiyo maji yanamtoka kila wakati, na inabidi anywe maji ya bahari na kutoa chumvi. Papa amepata njia nyingine. Anahifadhi urea ndani ya damu na misuli yake, ile urea ambayo sisi tunaitoa kwenye mkojo. Kwenye nyama inaweza kufika karibu asilimia 2. Ndiyo inayosaidia ukolezi wa vitu vilivyoyeyuka mwilini mwake ulingane na wa bahari iliyomzunguka, asikauke.

Akiwa hai hakuna harufu. Akifa, bakteria wanaanza kuivunja urea na kutoa amonia, na joto likiwa la Pwani kazi hiyo inakwenda mbio. Kwa hiyo harufu uliyoinusa ni ya papa ambaye hakutolewa damu mapema, au hakuwekwa barafu, au yote mawili. Ndiyo maana Jalupo anasisitiza damu na figo: huko ndiko urea imejaa.

Ndimu au siki inasaidia harufu ikiwa ndogo, kwa sababu asidi hutuliza amonia, na urea yenyewe huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kuloweka kunaipunguza. Lakini harufu ikiwa kali kiasi cha kukuchoma pua, bakteria wameshatangulia. Ulifanya vyema kuirudisha.

Waisilandi wana papa wa bahari zenye baridi kali ambaye nyama yake mbichi ni sumu, wanamchachusha wiki kadhaa kisha wanamtundika miezi mingi akauke ndipo wanamla. Wanamwita hákarl. Amonia yake wanaoila wanaijua na wameizoea. Sisi hatuna haja ya kufika huko.

Kijana_wa_Obunga (Kisumu)

Swali la mtu asiyewahi kuona bahari. Kuna mzee ufukweni huku kwetu anasema papa yumo ziwani, eti alimng'ata mvuvi upande wa Uganda. Wengine wanasema kuna papa wanaoishi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Nani anasema kweli?

Mwalimu_wa_Bayolojia (Nakuru)

Ndugu yangu, papa wa maji baridi yupo kweli. Kuna papa mnene mwenye pua fupi anayeingia mitoni. Amepanda Mto Zambezi, hata watu wa kusini wakampa jina la mto huo, na yumo kwenye Ziwa Nicaragua kule Amerika ya Kati. Akiingia maji baridi mwili wake unapunguza urea, ndiyo anaweza kuishi.

Lakini Ziwa Victoria hawezi kufika. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji yake yanatokea Jinja, yanaingia Nile, na kabla ya kufika chini kuna maporomoko ya Murchison ambako mto mzima unapita kwenye mwanya wa mita chache na kuanguka. Baada ya hapo kuna mabwawa na maelfu ya kilomita hadi Bahari ya Kati. Mito yetu inayoelekea Bahari ya Hindi, Tana na Galana, haikutani na ziwa popote. Aliyeng'atwa ziwani aangaliwe jeraha: mamba yupo, na kamongo mkubwa anang'ata vibaya mno ukimshika ovyo wavuni.

Mzee_wa_Mfangano

Kamongo ninamfahamu, amewahi kumtoa mwenzetu ncha ya kidole. Mwalimu amesema kweli.

Mimi niulize lingine. Jalupo unasema mwachie papa mkubwa. Kwa nini? Mbuta mkubwa tunachukua. Tena sheria yetu inatuzuia wadogo, chini ya sentimita 50 usiguse. Pwani mnageuza mambo?

Nahodha_wa_Mtwapa

Shikamoo mzee. Naomba nijibu hili, maana nimeishi nalo kazini.

Mbuta jike mmoja hutaga mayai mamilioni. Ukiacha wadogo wakue hadi wazae, ziwa linajaza. Papa hazai hivyo. Wengi wanazaa watoto hai, na idadi yao ni ndogo. Papa mwenye mkia mrefu huzaa wawili hadi wanne tu. Papa nyundo jike anachukua miaka mingi, hata zaidi ya kumi, kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Kwa hiyo yule jike mkubwa unayemwona ubavuni mwa boti ni mama aliyepona nyavu za jarife, mishipi na meli za kigeni kwa miaka yote hiyo. Ukimuua, pengo lake halizibiki haraka. Mzee, ziwani mnalinda mtoto. Sisi baharini tunapaswa kumlinda mama.

Kuna sheria pia. Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, na Kenya ni mwanachama, imepiga marufuku kubaki na papa wa mkia mrefu, na kwa wavuvi wa burudani imesema wazi: akinaswa aachiwe akiwa hai. Yule wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe pana kwenye mapezi naye amekatazwa kwa vyombo vya jodari. Papa nyundo waliingia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, mwaka 2013, na mwaka 2022 mkutano wa Panama ukaingiza familia nzima ya wale papa wa kawaida wa kijivu. Orodha hiyo inahusu biashara ya kuvuka mipaka, kwa hiyo mtu asikuombe umbebee mapezi makavu kwenda nje ya nchi, utajitia matatani. Papa upanga yuko kwenye orodha ya kwanza, ile kali zaidi.

Na msisahau mipaka ya hifadhi. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zimekuwepo tangu 1968, ndani yake hakuna kuvua kabisa. Kibali cha uvuvi wa burudani mnachukua ofisi ya uvuvi kabla ya kutoka, msiache nahodha akuambie "tutaonana nao baadaye".

Zamani mchezo huu ulikuwa wa kuua na kupima. Rekodi za dunia za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa burudani, zinaonyesha hivyo: papa mweupe wa kilo 1,208 aliyevuliwa Ceduna, Australia mwaka 1959, na papa chui wa kilo 807 aliyevuliwa Cherry Grove, Marekani mwaka 1964. Wote waliuawa na kupimwa. Leo boti nyingi za hapa Pwani zinamtia papa kitambulisho kidogo mgongoni, wanaandika makadirio ya urefu wake, wanamwachia. Akivuliwa tena mahali pengine, watafiti wanajua alikotoka. Mimi fahari yangu sasa iko hapo.

Angalizo kuhusu papa nyundo: anapigana hadi anajimaliza. Hata ukimwachia anaweza kufa baadaye kwa uchovu. Ukitambua ni yeye, usifurahie mapambano marefu. Kaza, mlete haraka, au kata.

Mzee_wa_Mfangano

Marahaba. Nimekuelewa, na nimekubali.

Binti_wa_Malindi (sasa niko Kaloleni, Kisumu)

Assalam aleikum na salamu kwa wote. Naona mmefika jikoni mkasimama mlangoni. Niruhusuni.

Kwanza ngozi. Papa hana magamba ya kupara, ana vijimiba vidogo vigumu. Kwa papa mdogo, mmwagie maji yanayochemka au mtumbukize kidogo, kisha kwangua kwa kisu butu kuanzia mkiani kwenda kichwani, ile changarawe itatoka. Kwa aliye mkubwa kidogo, chana ngozi mgongoni, shika ncha kwa koleo, vuta. Usikate nyama ukiwa umeacha ngozi juu, kisu kitakufa na mchanga wake utaingia kwenye mchuzi. Mifupa hamna, ni gegedu tupu, kwa hiyo watoto hawasakamwi na miiba. Hiyo ndiyo sababu bibi zetu walimpenda papa kwa watoto.

Ukipasua minofu utaona mstari wa nyama nyekundu iliyokoza ukipita ubavuni. Uondoe. Ladha kali iko hapo.

Kisha kuloweka. Kata vipande vya unene wa vidole viwili, weka kwenye maji baridi yenye chumvi na ndimu, mahali pa baridi, saa mbili au tatu, ubadilishe maji mara moja au mbili. Wengine wanatumia maziwa badala ya maji usiku kucha kwenye friji, nayo inafanya kazi vizuri sana, hasa kwa huku kwenu ambako maziwa ni mengi.

Sasa papa mbichi wa nazi. Chemsha vipande kwa maji kidogo, chumvi, kitunguu saumu na ndimu, kwa muda mfupi tu, hadi nyama ianze kuachana. Mwaga maji yale. Usiyageuze mchuzi, hata kama roho inakuuma. Kaanga vitunguu maji vilainike, tia nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, bizari ya manjano, na bilingani ukipenda. Mimina tui jepesi, weka papa, acha ichemke taratibu. Tia ukwaju au embe bichi lililokatwa, maana papa bila uchachu hakamiliki. Mwisho kabisa tui zito na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, koroga kwa upande mmoja usikatishe tui, epua likianza kuchemka. Huliwa na sima, na kwa heshima ya mji ulionipokea nitasema ugali wa wimbi pia umemkubali.

Papa mkavu ni habari nyingine, na mimi nampenda kuliko mbichi. Nyama hupasuliwa mapande mapana, hutiwa chumvi ya mawe kila mahali, hulazwa usiku chumvi iingie na maji yatoke, halafu huanikwa juani juu ya uchanja hadi awe mgumu. Ukimnunua, msugue na kumwosha, mloweke usiku kucha, umchemshe, umwage maji, umwonje. Akiwa bado na chumvi nyingi mchemshe tena. Kisha mchambue kwa mkono, toa gegedu na ngozi, umkaange na vitunguu vingi na nyanya, au umtie tui. Kipande kidogo kinalisha nyumba nzima kwa sababu ladha yake ni nzito.

Harufu ya papa mkavu ni kali, ni kweli. Ni harufu ya chumvi na jua. Ile ya amonia inayopanda puani na kutoa machozi ni nyingine, hata kwa mkavu, na mwenye duka akikuambia "ndivyo alivyo", ondoka.

Nyar_Alego (Kondele, Kisumu)

Dada, umenifungua. Lakini wateja wangu ni watu wa kukaangiwa. Naweza kumfanya papa kama ninavyofanya minofu ya mbuta?

Binti_wa_Malindi

Unaweza, dada yangu. Ila mbuta ana mafuta yake, papa hana. Mafuta yake yote yako kwenye ini. Kwa hiyo ukimwacha karaini muda mrefu anakauka na kuwa mgumu. Mfute maji kabisa kwa kitambaa safi, mpake chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga na ndimu, mzungushie unga wa ngano kidogo umlinde. Mafuta yawe moto kweli, mtie, akishageuka rangi pande zote mtoe. Halafu umalizie kwenye rojo la nyanya na dhania kama mnavyofanya hapa Kisumu. Rojo linamrudishia unyevu.

Kijana_wa_Obunga (Kisumu)

Huku kwetu Obunga akina mama wanaishi kwa mgongo wazi, ile mifupa inayobaki viwandani baada ya minofu ya mbuta kwenda ng'ambo. Hakuna kinachotupwa. Kwa papa, kichwa na ini mnafanyia nini? Ini naona ni kubwa sana kwenye picha.

Muuguzi_wa_Kakamega

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa swali la ini.

Ini la papa msile. Lina vitamini A nyingi kupita kiasi ambayo mwili wa binadamu unaweza kushindwa nayo, na kwa papa wengine wakubwa lina sumu nyingine kabisa. Mwaka 1993 huko Manakara, Madagaska, watu wengi waliugua baada ya kugawana papa mmoja, na makumi wakafariki. Pwani mafuta ya ini, yale wanayoita sifa, yamepakwa kwenye mbao za mashua na majahazi kwa vizazi vingi. Matumizi hayo yanatosha.

La pili ni zebaki. Papa yuko juu kabisa kwenye msururu wa kulana baharini: anakula samaki waliokula samaki wengine, na anaishi miaka mingi, kwa hiyo zebaki ya wote inakusanyika kwake. Haitoki kwa kuloweka, haitoki kwa ndimu, haitoki kwa kukaanga wala kukausha. Inaathiri ubongo wa mtoto unaokua. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imemweka papa kwenye samaki ambao mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo hawapaswi kula. Uingereza inasema vilevile kwa wajawazito, wanaopanga kushika mimba na watoto, na mtu mzima mwingine inamshauri asizidishe mlo mmoja kwa wiki.

Dada wa Malindi, najua bibi zetu waliwalisha watoto papa kwa sababu hana miiba, na walifanya kwa upendo. Lakini kwa mtoto wa leo nyumbani mwako, mpe omena (dagaa wa ziwani). Yuko chini kabisa kwenye msururu huo, anaishi muda mfupi, ana kalsiamu kwa kuwa analiwa mzima. Mjamzito vilevile, mpe omena au ngege (sato).

Papa mdogo ana zebaki kidogo kuliko mkubwa, kwa hiyo hapa afya na uhifadhi vinaelekea njia moja.

Binti_wa_Malindi

Muuguzi, nimepokea. Wangu wana miaka minne na sita. Papa nitapika nikiwa na wageni wakubwa, wao nitawakaangia omena.

Jalupo_wa_Dunga (Kisumu)

Ahsanteni nyote. Kijana wa Obunga, kichwa cha papa mdogo wengine huchemsha supu, lakini mimi hukikata botini kwa sababu matamvua na damu ya kichwani ndiyo huanza kunuka mapema. Ninachokihifadhi ni vipande vya tumbo visivyoliwa, navitia chumvi viwe chambo cha siku inayofuata. Nyama yake ni ngumu, inakaa vizuri kwenye ndoana.

Kuna mtu ameniuliza kwa ujumbe kwa nini tuhangaike na papa wakati ziwa letu lina samaki. Jibu langu ni kwamba hatumtafuti. Tunatafuta jodari, papa anajileta, na kama ni aina inayoruhusiwa na ameumia kiasi kwamba hataishi, ni dhambi kumtupa akiwa mzoga. Basi aliwe, na aliwe vizuri. Akiwa mzima na mkubwa, baharini ndiko kwake.

Mama_Wawili (Busia)

Mume wangu anashuka Shimoni mwezi ujao. Anauliza jinsi ya kufikisha nyama ya papa hadi Busia bila kuharibika. Basi ni usiku mzima na zaidi.

Nahodha_wa_Mtwapa

Mama, asimbebe mbichi mwenye barafu tu. Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na Busia ni mbele zaidi. Barafu itayeyuka, nyama ilowe kwenye maji yake yenyewe, na hapo amonia inaanza. Afanye hivi: amtoe ngozi na ile nyama nyekundu huku huku, aloweke, aoshe, akaushe kwa kitambaa, afunge vipande vyembamba kwenye mifuko isiyoingiza hewa, avigandishe kabisa kwenye friza kwa siku mbili kabla ya safari. Siku ya kusafiri apange mifuko ikibanana kwenye sanduku la barafu lenye mfuniko mzito, ajaze nafasi zote kwa magazeti, asilifungue njiani. Akifika Busia, kilichoanza kulainika kipikwe siku hiyo hiyo, kisirudishwe friza.

Akiona ni kazi kubwa, anunue mkavu sokoni Mombasa, aliyekaushwa vizuri. Huyo hata basi la siku mbili halimtishi. Amwangalie tu asiwe na ukungu wala unyevu upande wa chini, na amfunge kwenye mifuko miwili, abiria wenzake nao wanataka kusafiri kwa amani.

Mama_Wawili (Busia)

Nimemsomea. Amesema mkavu. Dada wa Malindi, nikishamloweka usiku, yale maji ya kwanza ya kuchemshia nimwage yote, sivyo?

Binti_wa_Malindi

Yote, mama. Na ya pili uyaonje kwanza. Yakiwa bado na chumvi ya kukaza ulimi, mwaga nayo.